Betri Iliyovimba Chumbani kwa Mama

Mpepai,
Mbinga.
8 Julai 2024

Mpendwa kaka Mansuetus,

Shikamoo. Habari za Italia, habari za masomo? Na hicho kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Sisi huku tu wazima kwa nje. Nasema kwa nje kwa sababu kuna jambo ndani ya nyumba yetu linaninyima raha, nami nimeamua kukuletea kwa karatasi.

Usishangae kupata barua enzi hizi. Nilikutumia ujumbe kwenye simu, ukanijibu kwa picha ya kidole gumba. Nikatuma tena, kidole gumba tena. Kaka yangu, kidole gumba hakizimi moto. Barua hii anakuletea Sista Gaudiosa mkononi, maana anasafiri kuja huko, na nimemwomba asiondoke mbele yako mpaka uisome yote.

Kahawa mwaka huu imezaa vizuri, tunashukuru. Lakini ghala linavuja, kwa hiyo magunia ya kahawa kavu tumeyapanga chumbani kwa Mama, mengine yamegusa kitanda chake. Kumbuka hilo unaposoma yanayofuata.

Ni habari ya ile kompyuta mpakato uliyomletea. Siku unaondoka ulimwambia, "Mama, usiizime, ili nikipiga nikupate." Ulisema ukiwa na mguu mmoja kwenye bodaboda. Mama alilishika neno lako kama watu wanavyoshika maneno ya daktari. Tangu hapo yeye hajaizima hata siku moja. Inashinda na kulala kwenye umeme, betri ikiwa ndani.

Mwanzoni fundi Sixbert wa pale mjini alitushauri tuitoe betri, kompyuta itumie umeme peke yake ili betri isichoke mapema. Tukaitoa. Ndipo ile Jumapili ya mvua, ukiwa unaongea na Mama, umeme ukakatika nawe ukapotea katikati ya neno. Wewe huko bila shaka ulidhani ni mtandao. Mama alipiga yowe, majirani wakaja mbio wakidhani tumefiwa. Alipotulia aliirudisha betri kwa mikono yake mwenyewe, akasema hakuna mtu atakayemkatia mwanawe tena.

Sasa betri hiyo imevimba. Kompyuta haikai sawa mezani, inayumba, na kitako chake kimefura kama andazi. Sixbert alikuja kuichomoa akashindwa, maana imekaza mahali pake. Akasema tusiilazimishe, tuizime, tutoe waya, tuipeleke nje mbali na nyumba. Mama akamwambia, "Mwanangu, hiyo imeshiba tu. Anayeshiba si anatoa tumbo?" Waliokuwepo wakacheka. Mimi sikuweza.

Na hilo bado si baya kuliko yote. Unaijua baridi ya kwetu mwezi huu. Mama anapanda nayo kitandani, anaifunika blanketi na kuweka miguu juu yake. Nilipomgombeza alinijibu kwa upole, "Luisa, hili ni joto la Mansuetus." Nilitoka nje nikalia.

Shemeji Rodrick, mume wa dada yetu Winifrida, alipanda kutoka Lituhi juzi kutuletea usipa, vile visamaki vya ziwani. Alipokwenda kumwamkia Mama alisimama mlangoni, hakuingia. Alisema kuna harufu tamu humo, kama ya rangi ya kucha, na kwamba anaijua. Taa yao ya kuvulia ilinukia hivyohivyo betri yake ilipovimba. Waliiacha kibandani ikichaji, wakaenda kanisani, na waliporudi walikuta majivu ya kibanda na ya nyavu. Tulimwandalia kitanda akakataa. Alimaliza chai yake akaenda kulala kwa jirani.

Jana nilichomoa waya Mama akiwa misani. Aliporudi hakunigombeza, na angenigombeza ningepata nafuu. Aliuchomeka tena, akafunga mlango kwa ndani, na tangu hapo hatuingii chumbani kwake. Leo tangu asubuhi kila nikipita naugusa mlango kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Kaka, nina hasira na wewe na sitaificha. Tangu Pasaka hujapiga. Mama analinda kitu kinachoumuka, akimngoja mtu anayetuma vidole. Mimi hanisikii, Sixbert ndiyo kabisa. Neno lilitoka kinywani mwako, ni wewe tu wa kulifuta. Piga leo hii, kabla hata Sista hajaaga. Mwambie, "Mama, izime. Kuanzia sasa nitakupigia kwenye simu ya Luisa." Halafu upige kweli. Ukisema hivyo kisha ukanyamaza, ataiwasha tena, nami sitakuwa na la kumwambia.

Winifrida na watoto wanakusalimu sana kutoka ziwani. Mume wangu Romanus anakusalimu pia. Ameweka ndoo za mchanga nje ya mlango wa Mama, anamwambia ni za kusakafia.

Mungu akutunze huko uliko, na sisi atutunze huku mpaka barua hii ikufikie.

Mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekasirika,
Luisa

Nilikuwa nimeshatia sahihi Mama akatoka, akaniona naandika. Hakuuliza naandika nini. Ameomba tu niongeze salamu zake, nami naziweka kama alivyozitamka: "Mwambie najua ana kazi nyingi, asijisumbue. Mwambie sijaizima."