Udongo wa Madoa

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Babu yako anakohoa kidogo, ila kelele zake ni zilezile. Mbuzi wako amezaa mapacha.

Sasa umenichanganya. Fundi aliyepima kiwanja chako cha Ntalikwa amekukataza kuchimba karo la choo, eti maji ya chini hayako mbali, na shimo alilochimba ni kavu kabisa! Unaniuliza kama anakudanganya. Mimi nijuaje? Nimesoma nikabaki kukuna kichwa, mpaka nilipofika uliposema udongo wenyewe ni wa kijivu, una madoa ya kutu.

Nilipokuwa msichana hapa Puge, baba alichimba choo kiangazi, kama kila mtu, maana masika watu wako shambani. Chini alikuta udongo huohuo. Shimo lilikuwa kavu, tukafurahi. Madoa yale yalimpendeza mama, akakandika nao ukuta wa chumba chetu cha kulala. Masika yalipoingia, maji yalipanda kutoka chini yakajaza choo, na kisima chetu kikaanza kunuka. Tukalaumu jirani, tukalaumu mvua. Hakuna aliyeelewa.

Hata leo sijui maji yanaachaje kutu kwenye udongo. Muulize fundi, kisha unieleze polepole. Lakini pale usichimbe. Sisi tulionywa, mwanangu, tukalipaka onyo ukutani, tukalala nalo.

Bibi yako