Tata, Mvumo Ule Ulikuwepo

Kwako Tata, baba yangu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu hadharani ndipo nilipokuaibisha.

Unaikumbuka kaseti ya kwaya, ile ambayo marehemu mama anaimba sauti ya pili? Niliihamishia kwenye laptopu, nikakununulia na kidude cha kugeuza sauti ya dijitali ili usikilize vizuri kwa hedifoni. Ulishukuru, halafu siku ya tatu ukaniambia, "Mwanangu, mama yako ana mvumo nyuma yake." Ukaenda mwenyewe hadi Mbeya, ukarudi na filta ya USB, kipande kidogo cha kuchomeka kati ya laptopu na kile kidude. Muuzaji alikuhakikishia kinasafisha sauti. Ukachomeka, ukafumba macho, ukasema sasa mama anasikika peke yake.

Mimi na shule yangu nikabisha: hakuna mvumo, na filta haisafishi kitu. Nawe hukuwa mtu wa kukubali yaishe, na mimi ni damu yako.

Basi wanakwaya wenzako walipokuja kunywa chai Jumapili ile, nikafunika laptopu na vidude vyake kwa kanga, nikawa nachomeka filta na kuichomoa, nawe useme lini ipo. Ulikosea mara nyingi kuliko ulivyopatia. Mwisho ukavua hedifoni ukasema, "Leo zote zina mvumo." Watu wakacheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Tangu hapo hukusikiliza tena mbele ya mtu.

Wiki tatu baada ya kukuzika, mvua ilinyesha, umeme ukakatika kama kawaida yetu hapa Kawetele. Nikakaa kwenye kiti chako nikamsikiliza mama kwa betri, bila filta. Mvumo haukuwepo. Umeme uliporudi, laptopu ikaanza kuchaji, na mvumo ukaja. Nikachomoa waya wa chaji, ukatoweka. Nilirudia mpaka nikaishiwa visingizio.

Siku ulipoijaribu filta mara ya kwanza, umeme ulikuwa umekatika. Siku ya kukupima, laptopu ilikuwa kwenye chaji mwanzo hadi mwisho. Filta haikusafisha kitu, hapo sikukosea. Lakini mvumo ulikuwepo, na ulichosema kilikuwa kweli tupu. Inaniuma sana, Tata, kwamba ulimsikiliza mkeo kwa kujificha ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Jana niliwaita wanakwaya wale wale. Niliwawekea mama kwa betri, kisha kwa chaji. Mzee mwenzako wa besi alivua hedifoni akasema, "Kumbe mwenzetu alisikia. Tumemkosea." Nikamwambia wao walicheka kwa kunifuata mimi.

Nisamehe. Pumzika, Tata. Na kama mama anaimba huko uliko, msikilize mbele za watu.

Mwanao wa mwisho