Ndengu Moja Ndani ya Printa

Ijumaa. Jua limewaka Machakos tangu asubuhi kama liko na hasira na mtu. Nimefika nyumbani na hata viatu sijavua.

Wiki ilianza na majivuno, yangu. Ofisini kwetu tunachora na kuchapisha ramani za mashamba, na printa ilikuwa inakwama kila siku. Jumatatu mdosi, Bwana Kioko, akaniambia bado niko majaribioni, lakini printa ikifika Ijumaa bila kukwama, atanipa kazi ya kudumu. Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo sana. Huu mdomo wangu jamani.

Nikasoma, nikageuka profesa. Wakati wa chai niliwahutubia wenzangu: karatasi zipepetwe kabla ya kuwekwa, trei isijazwe pomoni, vile vibao vya pembeni viguse karatasi bila kuzibana. Na zaidi ya yote, karatasi isiwe na unyevu. Hilo nililirudia nikimtazama Mama Ndinda, anayetupikia chai na kusafisha ofisi, kwa sababu karatasi hukaa karibu na sinki lake.

Mama Ndinda alisikia. Shida ni kwamba alisikia vizuri.

Mpaka jana printa ilikuwa inaenda tu sawasawa. Nilianza kuitwa daktari, na sikukataa.

Leo mzee mmoja wa Katangi alikuja kuchukua ramani ya shamba analotaka kuwagawia watoto wake. Bwana Kioko akasimama nyuma yangu, mikono mfukoni. Nikabonyeza. Printa ikavuta karatasi, ikakohoa, ikasaga kitu, ikanyamaza.

Jasho likanitoka.

Nilifungua mlango wa nyuma, nikaivuta karatasi polepole kwa mikono miwili. Ilikuwa imejikunja kama chapati, vumbi tele. Kwa rola kulikuwa na kitu cha kijani. Bwana Kioko akakitoa, akakiweka kiganjani.

"Hii si ni ndengu?"

Nikachungulia dirishani. Huko uani, juu ya gunia lililotandikwa, la kuanikia ndengu, karatasi zetu zilikuwa zimeanikwa juani, mawe kwenye pembe, na Mama Ndinda anazigeuza vile watu hugeuza mavuno. Za kwenye trei alikuwa ameshazikausha na kuzirudisha.

Ukweli? Nilitaka kumtaja. Lakini huyo mama hunifichia maandazi nikichelewa, na najua angefutwa kazi papo hapo.

"Ni mimi nilisema zikaushwe," nikasema.

Mzee wa Katangi ndiye alianza kucheka, akasema hata kwake kila kitu huanikwa isipokuwa watoto, na mdosi akashindwa kujizuia. Nikafungua rimu mpya, ramani ikatoka safi. Nimeongezewa wiki moja ya majaribio. Moja tu, na printa isikwame hata kidogo.

Niko na furaha, na kichwa kinaniuma.

Mama Ndinda alipojua nilimkinga, alinishika mkono machozi yakimlengalenga. Na sasa hivi amenipigia simu.

"Mwana wakwa, mwanangu, tulia," ameniambia. "Nilibaki nyuma, nikaiosha hiyo printa yote, ndani na nje. Kesho asubuhi naianika."

Jua la Machakos hutoka saa ngapi Jumamosi?