Koleo Lako Lipo

Mdogo wangu mpendwa,

Jumatatu saa tatu asubuhi nilipoteza injini ya boti: pampu ya kutoa maji ilizima, maji yakajaa hadi yakaiua injini. Mimi mzima, usianze kulia.

Nimefungua nyaya zote tulizozifunga pamoja, nikavuta kwa mkono kila terminali, kile kichwa cha chuma mwishoni mwa waya. Zako ishirini, ulizozibana kwa koleo lako maalumu la kubania terminali, hazikutikisika. Zangu kumi na moja nilizibana kwa plaizi ya kawaida. Ya pampu ikachomoka kama jino la mtoto. Na mimi ndiye niliyekufukuza nikisema, "Unachelewesha kazi, bwana mapambo!"

Lakini na wewe, kununa miezi saba bila hata salamu? Koleo lako lipo, nimelipaka mafuta. Unarudi au hurudi? Nijibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Dada yako, fundi wa plaizi