Kidonge cha Mama, Kidonge cha Baba

Jumapili, kijijini Qurus. Ukungu umelala shambani tangu alfajiri na baridi inauma. Nimevaa sweta mbili, nimekaa jikoni karibu na moto, na moyo wangu ni mwepesi kuliko Jumatatu iliyopita.

Mama anasahau. Ilianza na majina ya wajukuu, ikafuata njia ya kurudi kutoka kanisani. Daktari wa Karatu mjini alimwandikia vidonge vya kumeza kila jioni. Nilimwuliza kuhusu homoni, maana dada mmoja ninayefanya naye kazi kwenye lodge ya watalii alizisifia sana. Akasema kwa umri wa mama hazitamrudishia kumbukumbu, na huenda zikamdhuru. Hata vidonge hivi, akasema, haviponyi. Vinasaidia kidogo tu, tena kwa muda.

Mimi nilikitaka hicho kidogo.

Nikamkabidhi baba dawa, nikarudi kazini. Kila nilipompigia simu alisema mama anameza vizuri. Hakusema kingine.

Jumatatu baba akaanguka akivuna mbaazi. Jirani alimkimbiza hospitali. Nilimkuta kitandani, uso umempauka, mama amemshika mkono. Moyo wa baba ulikuwa unapiga polepole mno. Daktari akauliza anatumia dawa gani.

"Situmii dawa yoyote," baba akajibu.

"Anameza zangu," mama akasema. "Tunameza wote."

Nilitaka kucheka, machozi yakanitoka.

Baba hakubisha. Aliliangalia blanketi, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: "Kila jioni ananiuliza, na chako kiko wapi? Nisipomeza, naye hamezi. Nilishindwa kumwambia kwamba mgonjwa ni yeye peke yake."

Mzee wangu huyu! Miaka yote nimemjua kama mtu wa ng'ombe na mahindi, asiye na maneno matamu kwa mtu yeyote.

Daktari akampiga marufuku kuvigusa tena. Moyo ulipotulia wakamruhusu, na Ijumaa nikamrudisha nyumbani. Njiani nilikuwa na hofu moja tu: mama atakataa dawa.

Jioni ile kwenye kisahani kulikuwa na kidonge kimoja.

"Na chako, Baba Martha?" mama akauliza.

"Changu kinanidhuru, Mama Martha. Ndicho kilichoniangusha."

Mama alishtuka. Akamwekea kiganja kifuani, akakiacha hapo. "Basi usimeze tena. Nitameza mimi, wewe kaa mzima. Lazima mmoja wetu akumbuke."

Akameza.

Jana jioni alikuwa ameshasahau. Akauliza tena, baba akaeleza tena, naye akashtuka vilevile na kumshika kifua vilevile. Kisha akameza.

Leo asubuhi, tukikamua ng'ombe, nilimwuliza baba kama hatachoka kueleza jambo lile lile kila siku.

"Nichoke nini?" akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ndoo. "Kila jioni naonewa huruma upya."