Siku Tuliyokosa Watani

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Bibi yako hajambo, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Unauliza kama timu zenu mbili za mjini ziungane.

Enzi za Ujamaa hapa Tabora, timu yetu ya mafundi na ile ya wafanyabiashara zilikuwa watani. Tukifiwa, wao walichimba kaburi huku wakimwigiza marehemu alivyokosa penalti, mpaka tukacheka na machozi yakitutoka. Kisha viongozi wakataka tuwe timu moja. Mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kukubali, tukaungana.

Mwaka uleule kaka yangu Hamisi, golikipa wetu, akafariki. Watani wetu wa zamani wakaja, wakakaa mkekani kimya. Nikamwomba aliyekuwa nahodha wao amtanie Hamisi, hata kidogo.

Akasema, “Siwezi, ndugu yangu. Na mimi nimefiwa.”

Babu yako,
Kwihara, Tabora