Wiki Sita za Kupumzika

Mpanda, 9 Machi 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Mimi mzima, wanafunzi tu ndio wananichosha. Hofu yangu ni wewe. Wiki ya tatu sasa nakupigia simu hupokei. Mama mdogo Odeta anasema umelala, au hujisikii kuongea. Ndiyo maana nimeandika, barua naituma na basi la Mwanza.

Moyo ukoje? Miguu bado inavimba? Endelea kupumzika. Nimemkumbusha mama mdogo: usiinue ndoo, usishike mwiko, usifagie hata chumba chako. Yale masufuria ya harusi nimesema achukue Dorcas, uliyekuwa ukipika naye. Umepikia sherehe za watu miaka thelathini, inatosha.

Nijibu, hata mistari miwili.

Mwanao, Brightness

Pasiansi, 4 Aprili 2024

Mwanangu Brightness,

Marahaba. Barua yako ilifika siku nyingi, kushika kalamu ndiko kulikonishinda.

Unauliza moyo ukoje. Sijui. Asubuhi Odeta ananivalisha, ananikalisha kitini, nakaa hapo mpaka jua linazama. Kuoga nakuona kama safari ya mbali. Chakula hakina ladha. Dorcas alipokuja kuchukua masufuria nilimwangalia tu akiyapakia kwenye bajaji. Sikulia. Nilijishangaa.

Nikwambie jambo, usipige kelele. Tangu Kwaresima ianze sijameza dawa za moyo. Odeta akinipa naziweka chini ya ulimi, akigeuka nazitema. Ziko kwenye soksi, chini ya godoro. Sikupanga kujiua, mwanangu. Niliona tu kwamba dawa ni za mtu mwenye kazi ya kufanya.

Mama yako

Mpanda, 21 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Nimerudi kazini salama. Barua yako niliisoma ofisini kwa walimu. Sikumbuki nilivyofika stendi kupanda basi la kuja kwako. Ninachokumbuka ni ile soksi, uzito wake mkononi mwangu, na mama mdogo amekaa chini sakafuni.

Kuna jambo nilishindwa kukuambia uso kwa uso. Pale kliniki daktari alikuuliza, “Mama, kutwa nzima unafanya nini?” Ukamjibu, “Nakaa.” Akauliza, “Nani alikukataza kufanya kazi?” Ukanitazama mimi.

Akafungua faili la ulipolazwa mwaka juzi akatusomea: asinyanyue vitu vizito kwa wiki sita. Wiki sita, mama! Mimi nimekukalisha mwaka na nusu, na nilikuwa najisifu kwa wenzangu kwamba namtunza mama yangu.

Aliposema una sonona, kwamba ni ugonjwa kamili, unawapata wengi wenye maradhi ya moyo, na una tiba, nilitamani ardhi inimeze. Maana nilikuwa namwambia mama mdogo kwamba umeanza kudeka.

Nisamehe.

Mwanao, Brightness

Pasiansi, 17 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa kazi. Acha kujilaumu. Mimi nilikuwa na mdomo, sikuutumia.

Dawa nameza, za moyo na za sonona. Odeta ananikagua mdomo kama ng'ombe wa mnadani. Kila Alhamisi naenda kuongea na mshauri kliniki. Kila asubuhi natembea mpaka barabarani, nikichoka napumzika, narudi. Siku nyingine bado zinanishinda. Jumanne iliyopita sikutoka kitandani kabisa, nikaogopa sana.

Lakini sikia ya juzi. Luhaga, yule anayepitisha samaki na baiskeli, kamuuzia Odeta sato ameshaoza. Nilikuwa ndani. Nikajikuta niko nje pekupeku: “Wewe Luhaga! Macho meupe hivi, unamuuzia nani? Kwenu mnakula huyu?” Majirani wakatoka. Akabadilisha, mbio.

Niliporudi moyo ulikuwa unapiga, nikasema basi, leo ndiyo nakufa. Nikakaa. Nikapumua kama nilivyofundishwa. Ukatulia wenyewe. Nilishtuka kuliko siku zote, Brightness. Umetulia wenyewe!

Odeta kasimama mlangoni, machozi yanamtiririka. Nikamuuliza, “Unalia nini, samaki si kabadilishwa?”

Akasema, “Dada, mwaka mzima sijakusikia ukigomba.”

Nikamwambia anipe kisu, sato nitampara mwenyewe.

Mama yako